Chemchemi Iliyonuka Dizeli

Niliolewa mwaka uliofuata uhuru. Nilitoka kwetu Nyansiongo, ambako baba yangu alikuwa ndio kwanza amegawiwa shamba katika ardhi iliyokuwa ya mzungu, nikateremka hadi upande wa Nyamarambe. Kwetu tulikuwa Wasabato, na huko nilikokwenda walikuwa Wakatoliki. Wazee wa pande zote mbili walilijadili jambo hilo kwa muda mrefu, na nadhani walikubali kwa sababu walichoka, si kwa sababu waliridhika. Kwa hiyo niliingia katika mji ule wa wakwe zangu nikijua kwamba natazamwa.

Asubuhi ya kwanza nilipika chai. Nilichota maji mtungini, nikayachemsha, nikatia maziwa, majani na sukari, nikamimina kwenye vikombe vya bati. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na meko. Baba mkwe alikuwa nje kwenye kivuli cha nyumba, na kikombe chake kilipelekwa na shemeji yangu mdogo, kwa maana kwetu mke wa mwana hamkaribii baba mkwe hivi hivi. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Humpi mkono, humwangalii usoni, na ukiwa na neno la kumwambia unalipitisha kwa mtu mwingine.

Mama mkwe alinywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Ulishika taa kabla ya kupika?" akaniuliza.

Nikamwambia sikushika taa, na kwamba nilinawa mikono kwa sabuni. Akainusa sufuria, akanusa kibuyu cha maziwa, kisha akanisogezea kikombe chake. "Hebu onja wewe."

Mimi chai sikuwa nimeionja maishani mwangu. Kanisani kwetu tulifundishwa kuikwepa kama tulivyofundishwa kukwepa pombe. Nilimweleza hivyo kwa sauti ya chini. Alinitazama, akatazama mlangoni, nami nikaelewa anachowaza: mgeni amepika kitu chenye harufu ya mafuta ya taa, na yeye mwenyewe hataki kukinywa. Chai ile ilimwagwa kwenye migomba. Kikombe cha baba mkwe nilikikuta chini kando ya ukuta, kimejaa vilevile, kimepoa. Hakuwa ameonja hata kidogo.

Tangu siku hiyo mama mkwe alipika mwenyewe. Mimi nilipewa kazi za shambani na za kuokota kuni. Lakini harufu haikuondoka. Ilikuwa ndani ya ugali wa wimbi, ilikuwa ndani ya uji, na maji yakipashwa moto ndipo ilipozidi. Mwishowe mama mkwe alichukua mtungi akashuka kwenye chemchemi mwenyewe, nami nikamfuata nyuma. Alipiga magoti akatazama maji. Juu yake palikuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi, kama shingo ya njiwa. Wanawake wengine waliokuja kuteka walisimama nyuma yetu, na mmoja akasema kwamba hata kwake mtoto amekataa uji.

Hapo nilipumua kidogo, kwa kuwa aliyeshukiwa hakuwa mimi tena. Lakini shaka ilihitaji pa kutua, ikatua kwa mwenye duka.

Duka lake lilikuwa juu kidogo ya chemchemi, upande wa kulia ukiangalia mlimani. Aliuza chumvi, sabuni, viberiti, na mafuta ya taa ambayo aliyapima kutoka kwenye pipa. Tena alikuwa na kesi ya mpaka na baba mkwe, kesi iliyofika kwa chifu na kurudi bila uamuzi. Wanawake walikaa pale chemchemini wakahesabu sababu zake: amekasirika kwa ajili ya ardhi, anaosha madebe yake kwenye mkondo, anataka watu wahame anunue mashamba yao. Mama mkwe ndiye aliyesema zaidi ya wote. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Watu wakaacha kununua kwake. Tulitembea mpaka soko la Nyamarambe kwa ajili ya chumvi. Halafu asubuhi moja ikasemekana kwamba migomba yake imekatwa, na hakuna aliyeuliza ni nani amekata.

Alikuja kwetu. Alisimama uani, kofia mkononi, mtu mfupi mwenye mabega mapana, akasema yeye na watoto wake wanakunywa maji hayo hayo. Mama mkwe akamjibu kwamba nyumba yake ina bati na anakinga maji ya mvua, kila mtu anajua. Hilo lilikuwa kweli, na alivyonyamaza likaonekana kuwa ushahidi. Aliomba kuzungumza na baba mkwe. Baba mkwe alikuwa ndani. Nilimsikia akikohoa. Hakutoka. Nilishangaa, maana kwa jinsi nilivyoelezwa, wale wawili hawakuwa watu wa kuikosa nafasi ya kugombana.

Mume wangu alifundisha shule moja mjini Kisii na kuja nyumbani siku za Jumamosi. Alipoyaonja yale maji alikwenda kutoa habari kwenye ofisi ya maji ya wilaya, bila kumuuliza baba yake. Haikupita muda, ikaja Landrova na ndani yake afisa mmoja kijana, mtu wa Machakos, mwembamba, mwenye viatu virefu vya mpira. Hakujua Ekegusii hata neno moja. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nane na Kiswahili changu kilinyooka, basi nikaitwa kumtafsiria.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua kijiti na kukichoma kwenye ule utando wa rangi. Alinieleza, nami nikawaeleza watu, kwamba udongo wetu mwekundu una chuma, na maji ya chuma huweza kutoa utando unaofanana na wa mafuta. Ukichoma utando wa chuma huvunjika vipande vipande kama ganda la yai. Ukichoma wa mafuta hufunguka, kisha hujifunga tena. Ule wa kwetu ulijifunga tena. Akachota maji kiganjani, akanusa, akatikisa kichwa.

"Waambie si mafuta ya taa," akasema. "Ni dizeli."

Mwenye duka hakuuza dizeli. Niliyasema maneno hayo kwa Ekegusii, nikaona nyuso zikikunjamana. Mama mmoja aliuliza mtu wa Machakos amejuaje, na kama hajanunuliwa na mwenye duka.

Alikuwa na chuma kirefu kilichosokotwa mwishoni kama parafujo, ambacho alikizungusha ardhini na kutoa udongo wa chini bila kuchimba shimo kubwa. Kila alichotoa alitia kwenye chupa yenye maji, akatikisa, akaiacha itulie. Alianza upande wa duka. Udongo wa huko ulinuka udongo tu. Alipohamia upande wa kushoto, kuelekea mlimani, juu ya maji ya chupa pakaanza kuonekana utando. Kila alipopanda harufu iliongezeka. Na kule juu hapakuwa na nyumba ya mtu yeyote. Palikuwa na mgodi wa zamani.

Mzungu mmoja aliwahi kuchimba dhahabu pale wakati wa ukoloni. Aliondoka kabla ya uhuru, na kilichobaki kilikuwa mlango wa handaki ulioporomoka, sakafu pana ya saruji ambapo mawe yalisagwa, na vichaka. Mara tu afisa alipoelekea huko, wanakijiji waliacha kuongea habari za maji. Sasa walisema amekuja kutafuta dhahabu. Walisema serikali imejua kuna dhahabu iliyosalia, na dizeli wameimwaga wao wenyewe ili wapate kisingizio cha kutuhamisha. Asubuhi tulikuta mashimo yake yamejazwa mawe, na chupa zake zimevunjwa. Chifu alikuja akagombeza watu, nao wakamsikiliza huku wakitazama chini, na baada ya hapo wakamshuku na chifu pia.

Na mimi nilishukiwa tena. Jioni mama mkwe alikaa karibu yangu akaniuliza, "Mkiongea kile Kiswahili, yule mtu husema nini hasa?"

Nilimwambia kwamba husema yale yale ninayoyatafsiri.

"Yote?"

"Yote, mama."

Hakuonekana kuamini. Wala simlaumu. Ningekuwa yeye, na mke wa mwanangu ananizungushia maneno nisiyoyaelewa na mwanamume mgeni, labda nami ningeuliza.

Baba mkwe ndiye aliyepinga zaidi kuchimba. Alikuwa amefanya kazi ya ulinzi pale mgodini, na neno lake lilikuwa na uzito. Alituma maneno kupitia mkewe kwamba ardhi ya kule ina mashimo yaliyofunikwa, itameza watu. Kila siku alikuja akaketi kwenye jiwe si mbali na tulipokuwa, fimbo kati ya magoti, akisikiliza tunayoongea asiyoweza kuyaelewa. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Lakini mambo madogo yalianza kunikaa moyoni. Ng'ombe wa kwetu hawakunywa kwenye chemchemi. Chemchemi ilikuwa chini tu ya boma, lakini baba mkwe aliwapeleka mtoni, mbali, mvua ije au jua liwake. Nilipoingia katika mji ule nilidhani ni kwa ajili ya malisho. Sasa nilimuuliza shemeji yangu, kama anayepiga soga, ni tangu lini. Akasema tangu zile mvua kubwa za karibu na uhuru, na kwamba baba hakutoa sababu. Nikakumbuka kikombe cha chai ambacho hakukionja.

Siku moja nilikwenda kuokota kuni karibu na ule mgodi, nikamwona baba mkwe. Alikuwa amesimama peke yake mahali pasipo na majani, sehemu nyeusi kama paliwahi kuwashwa moto, akifukua kwa ncha ya kiatu. Alifukua, akainama, akachukua udongo akaunusa. Niligeuka kabla hajaniona, nikaacha na kuni zenyewe. Jumamosi mume wangu alipokuja sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba nimemwona baba yake ananusa udongo?

Afisa alifika mahali pale mwenyewe baada ya siku chache, akifuata chupa zake. Chuma chake kilipotoka, udongo haukuwa mwekundu kama wetu ulivyo kila mahali. Ulikuwa wa kijivu, unang'aa, na harufu yake iliwafanya wanawake wafunike pua kwa leso. Chini ya vichaka tukaona nguzo fupi za saruji, na bolti zilizokatwa. Wazee walikuwepo, baba mkwe akiwa kati yao. Mwenye duka naye alikuja, akasimama mbali na wote.

Afisa aliniambia niulize kulikuwa na nini hapo, na kama mafuta yalimwagika, ni mengi kiasi gani, maana bila kujua atachimba kama kipofu. Niliuliza.

"Mwambie palikuwa na tangi," baba mkwe akasema kwa Ekegusii. Alikuwa ameangalia milimani, nami niliangalia chini, na maneno yalipita kati yetu hivyo. "Lori lilikuja kulichukua siku za mwisho. Dereva akakataa kulibeba likiwa na mafuta ndani. Mzungu akaniambia nifungue bomba la chini. Nikafungua."

Nikatafsiri. Afisa akauliza yalitiririka kwa muda gani. Baba mkwe akasema tangu wakati wa kukamua asubuhi hadi ng'ombe walipokuwa wanarudi zizini.

"Muulize," afisa akasema, "kwa nini alinyamaza wakati huu wote."

Nilimwambia afisa kwa Kiswahili kwamba swali hilo siwezi kulibeba, kwamba huyu ni baba wa mume wangu, amtafute mtu mwingine. Na kabla sijamaliza, baba mkwe akajibu mwenyewe.

"Mimi naogopa jela, bwana," akasema. Alisema kwa Kiswahili.

Kilikuwa Kiswahili cha watu waliofanya kazi kwa wazungu, lakini kilikuwa Kiswahili. Siku zote zile kwenye jiwe lake alikuwa akisikia kila tulichosema. Nilijaribu kukumbuka yote niliyowahi kumwambia afisa, kama niliwahi kutamka shaka yangu, na sikukumbuka. Mwenye duka aligeuka akaondoka, na hakuna aliyemwita.

Afisa alieleza kwamba mafuta hushuka ardhini polepole, mvua baada ya mvua, ndiyo maana yalikawia kufika chemchemini. Hakumpeleka mtu jela. Alisema aliyemwaga aliagizwa na aliyemwagiza hayupo, na kazi iliyopo ni kuutoa ule udongo. Akapanga watu kwa zamu. Wanaume walichimba mpaka walipofikia udongo mwekundu usionuka, na wanawake tukabeba kwa makarai hadi kwenye ile sakafu ya saruji, tukautandaza uwe mwembamba kama wimbi ulioanikwa. Tulichanganya na samadi na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, kisha ikawa kuugeuza kwa jembe kila baada ya siku kadhaa. Juu ya chemchemi tulichimba mtaro, tukaweka magunia ya katani yanyonye mafuta yanayoshuka, na magunia yakilowa yanatolewa na kuwekwa mengine.

Afisa alieleza kwamba jua na hewa vitapunguza mafuta, na kwamba ndani ya samadi na udongo kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo vitakula yatakayobaki. Nilitafsiri nikajua wazi kwamba hakuna atakayeamini. Mzee mmoja aliuliza kama vijidudu hivyo vinaweza kufugwa.

Halafu udongo ukaanza kupungua. Tuliutandaza ukafika ukingo wa sakafu, na baadaye ukingo ukawa mtupu. Ikagundulika kwamba baadhi ya watu walikuwa wakiubeba kwa vikapu na kuuosha mtoni, wakitafuta dhahabu. Walikuwa wameamua kwamba hakuna serikali inayoanika udongo bure. Afisa alikasirika, nami sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya hapo, kwa sababu dizeli sasa ilikuwa inapelekwa mtoni kwa mikono. Mama mkwe ndiye aliyekomesha jambo hilo. Alikwenda mtoni akawakuta wanawake wawili na ungo, akawauliza mbele ya watu kama wamepata chochote. Hawakuwa wamepata kitu ila vidonda vya mikono.

Siku moja tulikuwa tunageuza udongo mimi na yeye peke yetu. Baba mkwe alikuwa bado chini shimoni, akichimba. Alichimba zamu yake na za wengine, na hakuna aliyemwambia apumzike. Mama mkwe aliegemea mpini wa jembe.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilishuku," nikasema.

Akageuza udongo kidogo. "Hata mimi," akasema. "Tangu ng'ombe."

Sikumuuliza kwa nini basi alimsema mwenye duka kwa nguvu vile. Nilikuwa na jibu langu, na sikutaka kulisikia kutoka kwake. Kuanzia hapo aliniachia jiko, na hakuniuliza tena habari za Kiswahili.

Misimu ya mvua ilipita, utando ukawa mwembamba, ukawa madoa, ukaisha. Afisa alikuja na chupa zake mara ya mwisho akasema maji ni safi. Akanywa mbele yetu. Wanawake wa ng'ambo ya mkondo walisema tumbo la mtu wa Machakos si kama letu, wakaendelea kwenda mtoni, na wengine hawajarudi kuteka hapo hadi ninapoandika haya. Sisi tulirudi, lakini kila mtungi ulinuswa kwanza. Baba mkwe aliendelea kuwapeleka ng'ombe mtoni mpaka alipofariki.

Mwenye duka hakukaa. Hakuna aliyemwomba radhi, na nadhani hata angeombwa asingekaa. Aliuza duka akahama, na kesi ya mpaka ikafa yenyewe.

Miaka ya sabini, watoto wangu wakiwa tayari shuleni, nilikwenda kuwaona wazazi wangu nikapita sokoni Nyansiongo kumnunulia mama kitambaa. Aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa yule mwenye duka, kichwa kimejaa mvi, futi ya kupimia shingoni. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulisalimiana vizuri. Akauliza hali ya mji wetu, nikamwambia baba mkwe ametutoka. Akasema pole, na nilisikia kwamba alimaanisha.

Kisha akasema, akiwa anakunjua kitambaa, "Siku ile wanamwaga, mimi niliwaona. Nilikuwa natoka sokoni. Nilijua tangu maji yalipoanza kunuka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata walipokata migomba yake.

"Na ile kesi ya mpaka?" akasema. "Ningesema ni yeye, nani angeniamini?"

Akaniuliza kama pale kwenye sakafu ya saruji majani yameota. Nikamwambia yameota, tena marefu, na watu wamefungia mbuzi hapo. Akaitikia, akanyoosha kitambaa juu ya meza, akaniuliza akate kiasi gani.